Niacheni Nimsubiri Roboti Wangu

Pendekezo langu la mradi wa mwaka wa tatu lilirudi likiwa na sentensi moja ya kalamu nyekundu: "Hii si fasihi, wala si ya kwetu." Nilikuwa nimeomba kutafsiri sura mbili za All Systems Red, kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Murderbot wa Martha Wells, kisha nijadili upatanisho wa kisarufi katika tafsiri hiyo. Mwalimu aliyeandika vile namheshimu. Ndiye aliyenifundisha kupenda mofolojia. Lakini alipoongeza kwa mdomo, mbele ya wenzangu, kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anayehesabu miezi akingojea kitabu cha Kiingereza kuhusu roboti "amepotea njia", darasa zima likacheka, nami nikacheka pia kwa aibu. Sikujibu siku ile, basi nawajibu hapa, yeye na wale waliocheka.

Ni kweli, nahesabu miezi. Kitabu cha kwanza kilitoka 2017, vikafuata vingine vitatu vifupi mwaka mmoja tu, 2018. Mwaka 2020 ikaja riwaya ndefu, Network Effect. Kisha ikawa kungoja. Cha 2021 kiliturudisha nyuma, kwenye mambo yaliyotokea kabla ya riwaya hiyo, na mwendelezo wenyewe, System Collapse, haukutoka hadi Novemba 2023. Miaka mitatu na nusu! Sasa cha nane, Platform Decay, kimetangazwa kutoka 2026, nami nimeshaanza kuvisoma upya vyote saba kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Kwa asiyemjua: Murderbot ni mlinzi. Nusu yake ni mashine, nusu ni nyama iliyokuzwa maabara. Kampuni inamkodisha kwa watafiti wanaokwenda kwenye sayari ngeni, na ndani yake imeweka kidhibiti cha kumwadhibu akikaidi amri. Amekivunja kidhibiti hicho kwa siri. Angeweza kuua kila mtu. Badala yake anatazama tamthilia. Amejaza kichwani maelfu ya saa za tamthilia, anarudia vipindi anavyovipenda anapoogopa, na huku anaendelea na zamu yake kana kwamba hakuna lililobadilika. Hapendi kutazamwa usoni. Anawalinda watu asiotaka kuzungumza nao.

Sasa nije kwenye neno "kwetu", maana ndilo lililoniuma.

Mimi nimekulia Kampala. Nikitoka chumbani kwangu hadi chuoni nawapita askari wa kukodishwa wasiopungua sita: wa benki, wa duka kubwa, wa kituo cha mafuta, wa geti la hosteli yenyewe. Kila mmoja ana sare ya kampuni, na wengine wana bunduki kuukuu. Anakaa zamu ndefu kwenye kiti cha plastiki. Tunamwita afande, tunamfungulia begi, hatumwangalii usoni. Yule wa hosteli yetu, usiku ukiwa mkubwa, hutazama tamthilia za Kifilipino kwenye simu ndogo, sauti ameipunguza, jicho moja kwenye geti. Niliposoma kurasa za kwanza za Wells sikumwona roboti wa Marekani. Nilimwona yeye. Mlinzi wa kampuni anayelipwa kidogo (Murderbot halipwi kabisa), anayepewa vifaa vya bei ya chini, na ambaye akili yake iko mahali ambapo mwajiri hajui. Kama hiyo si ya kwetu, naomba nionyeshwe iliyo ya kwetu zaidi.

Na kuna jambo jingine ambalo wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaosoma makala kama hizi huenda wasilione haraka. Kwetu Uganda Kiswahili kilibeba bunduki kwa muda mrefu. Kilikuwa lugha ya jeshi la mkoloni, kikawa lugha ya jeshi la Amin, na kwa wazee wengi wa Buganda kilikuwa sauti ya mtu anayekusimamisha kwenye kizuizi barabarani usiku. Mama yangu alinyamaza siku nzima nilipomwambia ninachokwenda kusomea. Katiba ilirekebishwa 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili, na 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini maamuzi ya aina hiyo hayafiki haraka kwenye masikio ya mama. Yeye aliwahi kusikia Kiswahili kikiamrisha. Hakuwahi kusikia mlinzi akisema kwa Kiswahili kwamba anaogopa, amechoka, anataka tu kuachwa aone kipindi kinachofuata. Mfululizo huu wote unasimuliwa na mlinzi mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Ni-, ni-, ni-, tangu ukurasa wa kwanza. Mnaona sasa kwa nini nilitaka kuutafsiri?

Tuje kwenye ngeli, ambako nilidhani mwalimu wangu angefurahi.

Kwa Kiingereza wahusika wengine humwita Murderbot kwa kiwakilishi cha vitu, naye anakubali. Hana jinsi, hataki kupewa, na hataki kugeuzwa binadamu. Kwa Kiswahili jinsi haitusumbui, maana "a-" ni ya wote. Tatizo letu liko kwingine, na nadhani ni tatizo zuri zaidi: roboti anasema au inasema? Magazeti huandika "inasema". Vitabu vyetu vya sarufi husema kiumbe mwenye uhai aingie A-WA hata kama jina lake lina umbo jingine, ndiyo maana kifaru anakimbia na kijana anakuja. Sawa. Lakini angalieni methali tunayoijua sote: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi linajua. Linakumbuka sura ya mtu. Linaamua kumbakishia kidogo. Na bado tumeliacha kwenye LI-. Maiti naye, jana alikuwa "amelala", leo watu wengine wanasema "imezikwa". Kwa hiyo A-WA si sajili ya viumbe hai peke yake. Ni mlango, na sisi wasemaji ndio tunaoamua nani apite. Wazee walimwacha zimwi nje kwa sababu walimwogopa.

Mwenzangu mmoja alinipinga vizuri. Alisema nikiandika "anasema" nitakuwa nimemfanya Murderbot mtu, kitu anachokichukia mwenyewe. Hoja hiyo ilinisumbua wiki mbili, hadi usiku mmoja mbu akaniuma na nikasikia nilivyomlaani: "Ameniuma!" Mbu ana "a-". Konokono ana "a-". "A-" haimpi mtu ubinadamu, inampa uhai tu, na uhai Murderbot hajawahi kuukataa. Ndipo nikaona jinsi ya kutafsiri. Watu wa Kampuni waseme "inasema" mwanzo hadi mwisho. Watafiti wa Dkt. Mensah waanze na "inasema", kisha mmoja ateleze, mwingine amfuate, hadi wote wawe wanasema "anasema" bila yeyote kutangaza. Kiingereza hakiwezi kufanya hivyo bila kugusa jinsi au kumgeuza mtu. Sisi tunaweza kwa irabu moja. Naomba mtu aniambie mada ya ngeli ya mwaka wa kwanza, ile ya viti vimevunjika na miti imeanguka, ilifika wapi karibu na hapo.

Najua watakaosema: mbona usisome riwaya za kisayansi za Kiswahili? Ninazisoma. Walenisi ya Katama Mkangi ilitoka 1995. Ndani yake mhukumiwa wa kifo anarushwa angani na kufikia dunia nyingine. Kabla sijazaliwa! Tuliisoma darasani kwa wiki mbili. Tulijadili istiari, tukajadili itikadi, tukagundua kwamba jina linatamkika "wale ni sisi", tukafanya mtihani. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza chombo kile kinaendeshwaje, au Dzombo alijisikiaje ndani yake, wala kama tungependa kusoma zaidi kuhusu sayari ile. Kitabu kilifungwa kama faili la kesi iliyokwisha. Kosa hilo ni letu, si la Mkangi.

Wala kungoja kitabu si tabia ya kizungu. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale 1960, na Kisima cha Giningi kikaja 1968. Miaka minane. Miaka ya 1970 na 1980 wasomaji walimfuata Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa kutoka kitabu hadi kitabu. Siamini kwamba baadhi ya walimu wetu hawakuvificha vitabu hivyo chini ya dawati. Waulizeni macho yao yanavyong'aa. Kisha waulizeni ni riwaya gani mpya ya Kiswahili wanayoingoja mwaka huu. Nilimuuliza mmoja, akanitajia mtaala.

Wanafunzi wenzangu nanyi msijifiche nyuma yangu. Wengi wenu mlionitumia ujumbe wa kuniunga mkono mna mfululizo wenu mnaoungojea, na mna haki hiyo, lakini hamjawahi kununua riwaya ya Kiswahili isiyo ya mtihani. Mimi nimenunua mbili tu. Tunalalamika hakuna wanaotuandikia huku hakuna anayeona kwamba tunangoja. Mwandishi akijua kuna watu mia tatu wanaouliza "halafu?", anaweza kuandika cha pili. Sisi humpa maswali ya insha.

Nimewasilisha pendekezo tena wiki hii, safari hii chini ya isimu, kichwa kikiwa "Upatanisho wa A-WA kwa viumbe visivyoainishika". Neno fasihi nimeliondoa. Kurasa tatu za mwanzo nimezitafsiri tayari, na Jumapili usiku nilimsomea afande wa geti letu. Alizima tamthilia yake ili asikilize. Nilipomaliza aliuliza kama kampuni ile ya kwenye kitabu huwa inachelewesha mishahara, nikamwambia mlinzi yule hana mshahara kabisa. Akatikisa kichwa. Halafu akasema nimletee zilizobaki Alhamisi, maana Jumatano hana zamu.