Mafuta ya dunia na mashini yetu ya kusaga
Ndugu wakulima, tunasikia mafuta ya petroli ya dunia yatatosha miaka 50 hivi. Sawa, lakini tuhesabu kidogo. Jirani zetu Uganda wanategemea kutoa mapipa bilioni 1.4 kwenye Ziwa Albert. Dunia inatumia karibu milioni 100 kwa siku. Basi, wiki mbili tu, yote yamekwisha! Na kwa utajiri wa namna hiyo, mwaka 2022 serikali yetu ilipiga mnada vitalu vya mafuta mpaka ndani ya Virunga.

Hapa Kanyaruchinya mashini ya kusaga haingoji miaka 50. Barabara ikifungwa, mazutu inapanda bei, mama anarudi na mahindi yake kichwani. Kumbe mto Rutshuru unatoa umeme pale Matebe tangu 2015. Mbele ya koperative kununua mashini ingine ya mazutu, tuulize kwanza bei ya moteri ya umeme.