Muda wa Mbunge ni Mali ya Nani?

Mwezi wa Septemba 2017, Mbunge wa Chemba, Ndugu Juma Nkamia, alitangaza nia ya kupeleka Bungeni muswada binafsi wa kubadili Katiba, ili Rais na Wabunge wakae madarakani miaka saba badala ya mitano. Jambo hilo lilivuma nchi nzima. Januari 2018 Rais John Magufuli alikata shauri. Kwa kinywa cha Ndugu Humphrey Polepole, aliyekuwa wakati huo Katibu wa Itikadi na Uenezi wa CCM, alisema kuwa hana nia ya kuongeza muda wa urais. Muswada ule haukuwa sheria, na wengi wakadhani mambo yamekwisha. Sisi twaona hayakwisha, kwa sababu swali lililo ndani ya hoja ile litarudi tena, kwa jina jingine na kwa kinywa kingine. Swali lenyewe ni hili: muda wa Mbunge ni mali ya nani?

Yafaa kwanza kumtendea haki mwenye hoja. Ndugu Nkamia hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mtangazaji ambaye sauti yake ilijulikana hasa kwa habari za michezo. Mwaka 2010 aliingia Bungeni kwa jimbo la Kondoa Kusini. Januari 2014 Rais Jakaya Kikwete alimteua kuwa Naibu Waziri wa Habari, Vijana, Utamaduni na Michezo. Mwaka 2015, jimbo likiwa limekwisha kupewa jina la Chemba, wananchi walimrudisha Bungeni, ingawa hakurudi katika Serikali. Basi alipoleta hoja ya miaka saba alikuwa amekwisha kuomba kura mara mbili, na alijua vema kazi hiyo inavyochosha na inavyogharimu.

Tena jimbo lenyewe si jepesi. Wilaya ya Chemba ilizaliwa mwaka 2012 kwa kuigawa Kondoa, na sensa ya mwaka huo iliwahesabu watu 235,711. Humo wamo Wasandawe wenye lugha ya vidoko isiyofanana na za jirani zao, Waburunge, Warangi, Wagogo na wafugaji wa makabila mengine. Wanaishi katika nchi kavu ya mtama, uwele, ufuta na alizeti, na kutoka Kwa Mtoro hadi Goima ni safari ya kumchosha mtu. Mbunge wa jimbo kama hilo akisema kwamba miaka mitano ni michache, hasemi upuuzi. Ila kusema kweli juu ya shida ni jambo moja, na kuchagua dawa inayofaa ni jambo jingine.

Hoja iliyosikika sana kutoka kwa waliounga mkono ni gharama. Uchaguzi hula fedha nyingi, walisema, na fedha hizo zingeweza kujenga zahanati na kuchimba visima. Tufanye hesabu kama wafanyavyo wenye duka. Katika miaka 35, vipindi vya miaka mitano vinatupa chaguzi saba. Vipindi vya miaka saba vinatupa chaguzi tano. Faida yote, basi, ni kuepuka chaguzi mbili katika muda unaotosha mtoto kuzaliwa, kukua na kuwa mzazi. Hiyo ni akiba, hatukatai. Lakini katika daftari hilohilo iandikwe na hasara: ni bei gani ya kukaa miaka miwili zaidi na Mbunge mvivu, asiyeonekana jimboni tangu alipoapishwa? Mkulima hulipa bei hiyo kwa kisima kisichochimbwa na kwa swali lisiloulizwa Bungeni. Mali bila daftari huisha bila habari.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba maendeleo huhitaji muda. Hili nalo ni kweli, na Chemba yenyewe ni shahidi. Barabara ya lami ya kutoka Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kama kilometa 250, hupita katika wilaya hiyo. Ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya Japani, ikaanza kabla ya uchaguzi wa 2015 na kufunguliwa rasmi mwaka 2018. Bwawa la Farkwa, lililonuiwa kuyazuia maji ya Mto Bubu ili yanywewe Dodoma mjini na katika wilaya za jirani, limezungumzwa katika vipindi vya Wabunge kadhaa. Wananchi wa Mombose na Bubutole, ambao ardhi yao imo katika eneo la bwawa hilo, wameujua uchungu wa kusubiri: mtu haendelezi shamba atakaloambiwa kulihama, wala hajengi nyumba mahali pengine kabla ya kulipwa fidia yake.

Lakini tuyatazame mambo haya mawili kwa makini. Barabara haikusimama kwa sababu ya uchaguzi wa 2015. Wakandarasi waliendelea na kazi. Bwawa nalo halikuchelewa kwa sababu Wabunge walikaa miaka mitano badala ya saba. Kazi kubwa za Serikali hukamilishwa na mipango, na bajeti, na watumishi wanaobaki kazini wakati Wabunge wanakuja na kuondoka. Katiba yetu inasema kwamba kazi ya Bunge ni kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge si mkandarasi hata aombe kuongezewa siku ili amalize jengo. Yeye ni msimamizi aliyetumwa na wenye jengo, na msimamizi hutoa hesabu kwa siku iliyopangwa, jengo liwe limekwisha au halijakwisha.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini. Wananchi wa Chemba walipopiga kura mwaka 2015 walijua kwamba wanampa mtu dhamana ya miaka mitano. Huo ndio uliokuwa mkataba. Wafanyakazi wetu wanaelewa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote: kibarua aliyeajiriwa kwa miezi mitano hawezi kuamka asubuhi, akachukua kalamu, akaandika saba, halafu akamwambia mwajiri kuwa ni kwa faida yake. Katiba imewapa Wabunge uwezo wa kuibadili Katiba kwa theluthi mbili ya kura za Wabunge wote. Lakini uwezo wa kisheria na haki ya kufanya jambo si kitu kimoja, hasa pale ambapo anayeamua ndiye anayefaidika.

Majirani zetu wamelipitia jambo hili karibu wakati uleule. Desemba 2017 Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa mbunge mmoja, Raphael Magyezi, ulioondoa ukomo wa umri wa Rais. Na humohumo Wabunge wakajiongezea muda kutoka miaka mitano hadi saba. Julai 2018 Mahakama ya Katiba, iliyokaa Mbale, iliifuta nyongeza hiyo ya miaka miwili. Rwanda, ambayo ilikuwa na urais wa miaka saba, iliandika katika Katiba ya 2015 kwamba muda urudi kuwa miaka mitano. Kipindi cha mwisho cha miaka saba kilianza 2017 kikaisha 2024. Waingereza, ambao mabunge mengi ya Afrika yalirithi taratibu zao, walifanya kosa hilo zamani. Mwaka 1716 Bunge lao, lililochaguliwa kwa miaka mitatu, lilijipa miaka saba. Ikawabidi kungoja hadi 1911 ndipo muda ukapunguzwa kuwa mitano. Kuongeza muda ni kazi ya siku moja Bungeni, lakini kuupunguza kwaweza kuchukua karibu miaka mia mbili.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta fundisho. Mwaka 1965, nchi ikiwa na chama kimoja tu, wengi walidhani uchaguzi hautakuwa na maana. Lakini wagombea wawili walisimamishwa katika kila jimbo lenye ushindani, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wananchi wakapiga kura, na Wabunge wengi wa zamani wakaanguka. Hata Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa huko Mwanza. Nchi haikutetereka. Kilichotetereka ni dhana kwamba mkubwa hawezi kuulizwa. Tangu siku hiyo kila aliyeketi Bungeni alijua kwamba kiti kina mwenyewe, na mwenyewe ni mkulima aliyeshika karatasi ya kura.

Hata hivyo, tusijidanganye. Kuitetea miaka mitano kwa maneno tu hakutoshi, iwapo siku ya hesabu yenyewe ni dhaifu. Katika majimbo mengi ya Mkoa wa Dodoma, ambako CCM ina nguvu nyingi, uamuzi mkubwa hufanyika kabla ya siku ya uchaguzi, katika kura za maoni ndani ya chama. Mwaka 2015 wanachama walipiga kura hizo katika matawi yao. Mwaka 2020 zilipigwa na wajumbe wa mikutano mikuu ya majimbo, na vikao vya juu vikawa na neno la mwisho. Mwaka huo kiti cha Chemba kilichukuliwa na Ndugu Mohamed Lujuo Monni, wa chama kilekile. Hatusemi kwamba hakustahili. Twasema kwamba mlango ukiwa mwembamba, wanaoingia huangalia zaidi nani anashika ufunguo kuliko nani analima. Wajumbe mia kadhaa ni rahisi kuwafikia kwa bahasha. Maelfu ya wanachama katika vijiji vyote ni vigumu kuwanunua.

Kwa hiyo wale waliosema kwamba uchaguzi ni ghali waligusa donda la kweli, ila walipaka dawa mahali pasipouma. Gharama inayowaumiza wananchi ni ile ya mgombea anayeuza ng'ombe na kukopa ili awafurahishe wajumbe, kisha akifika Bungeni anaanza kurudisha fedha zake. Mtu wa namna hiyo ukimpa miaka saba umempa muda mrefu zaidi wa kulipa madeni yake kwa jasho la wengine. Tiba yake ni kufanya kampeni ziwe nafuu, rushwa iadhibiwe bila kuangalia sura, na mlango wa kura za maoni uwe mpana.

Ndugu wanachama, na ninyi wafanyakazi wa mijini mliotoka katika vijiji hivyo: kazi hii haiwezi kuachiwa mahakama wala Ikulu. Mwaka 2018 hoja ya miaka saba ilizimwa kwa neno la Rais mmoja. Tunalishukuru neno hilo, lakini haki inayotegemea neno la mtu mmoja haijapata msingi imara. Msingi wake ni mkutano wa kijiji, ambapo Mbunge husimama mbele ya watu na kuulizwa: maji ya Farkwa yamefikia wapi, fidia imefikia wapi, wewe uliuliza nini Bungeni na ulijibiwa nini? Mbunge anayejibu maswali hayo kila mwaka hana sababu ya kuiogopa miaka mitano. Asiyeweza kuyajibu hatayajibu hata akipewa kumi.

Cheo ni dhamana, na dhamana ina siku yake ya kurudishwa. Siku hiyo huipanga mwenye mali.