Mashine Iliyosimama Nayo Ni Mali ya Umma

Imezoeleka katika nchi yetu kuamini kwamba mashine huchakaa kwa kufanya kazi. Ndiyo maana tunayo madaftari ya mwendo wa magari na tunao wakaguzi wa matumizi ya petroli. Lakini mashine ikisha kuegeshwa, daftari hufungwa, na mlango wa stoo nao hufungwa. Imani hiyo ina hatari kubwa. Injini iliyosimama huharibika, na aghalabu huharibika upesi kuliko ile inayofanya kazi kila siku.

Hapa Mlali, chini ya Milima ya Uluguru katika Wilaya ya Mvomero, jambo hili linagusa riziki za wananchi. Mkulima wa mboga anayetegemea pampu ya petroli huitumia wakati wa kiangazi. Masika ikiingia mwezi Machi, huiweka pembeni, nayo hukaa katika unyevu hadi mvua zipungue mwezi Mei. Nyanya zinapohitaji maji, kamba huvutwa na injini haiitiki. Siku chache za kuhangaika kutafuta fundi mjini Morogoro zatosha kukausha bustani nzima.

Ili tuuelewe ugonjwa huu, yafaa tuwasikilize watu wasioweza kuthubutu kuupuuza, yaani mafundi wa ndege ndogo. Injini ya petroli ya ndege ndogo na ile ya pampu ni ndugu. Zote zina silinda, pistoni na plagi, na nyingi hupozwa kwa upepo. Tofauti ni kwamba pampu ikizimika mkulima hupata hasara, lakini injini ya ndege ikizimika angani roho za watu huwa hatarini. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipokatiza safari duniani kote, ndege nyingi zilikaa chini kwa miezi, na mafundi walilazimika kuzihifadhi kwa utaratibu maalumu. Kuziegesha tu kusingetosha.

Kampuni ya Lycoming ya Marekani, ambayo injini zake zimo katika ndege ndogo nyingi, inaelekeza kwamba injini irushwe walau saa moja mfululizo katika kila siku 30, oili yake ikiwa imefikia joto la nyuzi 74 hadi 93 za Selsiasi. Inaonya pia kwamba penye unyevu mwingi, injini iliyofanya kazi chini ya saa 50 imewahi kukutwa na kutu baada ya kusimama siku mbili tu. Tena inataka injini ifunguliwe na kutengenezwa upya ifikapo mwaka wa 12, hata kama saa zake za kazi hazijatimia. Kalenda nayo hula injini.

Sababu zake zinaeleweka. Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji. Oili iliyotumika hubeba maji hayo pamoja na asidi. Injini inapotulia, oili huteremka polepole na kuziacha kuta za silinda bila kinga. Hewa ikipoa usiku, unyevu hugeuka matone juu ya chuma na kutu huanza. Siku injini inapowashwa, kutu hiyo hukwangua chuma kama msasa.

Hapa ndipo lilipo kosa letu kubwa. Wapo wakuu wa idara na walimu wakuu wanaoagiza jenereta iwashwe dakika tano kila wiki ili isilale. Nia yao ni njema, lakini Lycoming haikubali kwamba kuwasha kidogo ndege ikiwa chini ni badala ya kuirusha. Injini hupata mvuke bila kupata joto la kuukausha. Ni sawa na kuanika nguo mvua ikinyesha.

Fundi wa ndege humwaga oili chafu, hutia oili ya kuhifadhia, na kunyunyizia nyingine ndani ya silinda. Mahali pa plagi hufunga vizibo vyenye chembechembe za buluu zinazonyonya unyevu. Zikigeuka rangi ya waridi, anajua zimeshiba na hana budi kuzibadili. Huziba matundu yote, kisha hutundika tangazo kwamba propela isizungushwe.

Kwa pampu ya Mlali mambo ni mepesi zaidi. Badili oili. Maliza petroli katika tangi na kabureta, kwa maana petroli iliyokaa hugeuka gundi. Toa plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili safi, vuta kamba taratibu ili ienee, kisha rudisha plagi. Vuta tena hadi kamba iwe nzito, hapo valvu zimefunga na unyevu hauingii kwa urahisi. Ifunike, uiinue kutoka sakafuni.

Watasema hakuna fungu la fedha. Je, fungu la kununua injini mpya lipo? Tangu Kilimo Kwanza kilipotangazwa mwaka 2009 tumejifunza kwamba kugawa matrekta madogo ya mkono ni kazi ya siku moja, na kuyatunza ni kazi ya miaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo kila ofisi, shule na kikundi cha umwagiliaji hakina budi kuwa na daftari la mashine zilizosimama, likionyesha tarehe ya kusimama, jina la mhusika na kazi iliyofanywa. Mkaguzi alidai daftari hilo kama anavyodai lile la safari. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko karibu nasi, na vyuo vya VETA vipo. Navyo vilifikishe somo hili vijijini kabla ya masika. Walimu walifundishe kwa vitendo, kwani ndiyo maana ya elimu ya kujitegemea.

Mali ya umma hailindwi kwa kufuli peke yake. Kutu haibishi hodi.