Mjane wa Mbagala na mlango wa Mahakama

Ukisoma Sura ya Tano ya Katiba yetu ya mwaka 1977, utaona jengo lililoanza kujengwa kwa juu. Ibara ya 108 inaanzisha Mahakama Kuu, ibara ya 117 inaanzisha Mahakama ya Rufani, na ibara ya 107A, iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 2000, inaipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji wa haki. Mahakama ya Mwanzo haina ibara yake. Mamlaka yake yanatoka katika Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, na Bunge linaweza kuyapanua au kuyapunguza kwa muswada wa kawaida.

Kwa wanasheria hili si jambo la kushangaza. Kwa watu wa Mbagala, Chamazi au Bunju lina gharama.

Baba anafariki na kuacha nyumba na vyumba vinne vya kupangisha. Matanga yakiisha, ukoo unakaa kikao, unamteua msimamizi wa mirathi, muhtasari unaandikwa, na mjane anaelekezwa Mahakama ya Mwanzo. Ni karibu, ada ni ndogo, na Kiswahili ndiyo lugha yake. Lakini sheria imeikabidhi mahakama hiyo mirathi inayotawaliwa na sheria ya kimila au ya Kiislamu tu. Marehemu akiwa Mkristo, swali linakuwa aliishije. Tangu shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi, mwaka 1969, majaji wamekuwa wakipima maisha ya marehemu: je, alishika mila za kwao, au aliziacha? Kama aliziacha, mirathi yake ni ya mahakama ya ngazi ya juu zaidi.

Mjane hajui hayo. (Na wengi wetu tunaomshauri pale msibani hatuyajui.) Miaka sita baadaye, nyumba imeshauzwa na fedha zimegawanywa, mtoto mmoja asiyeridhika anakwenda Mahakama Kuu na cheti cha ndoa ya kanisani. Shauri lote linaweza kufutwa na kuanza upya, na aliyenunua nyumba naye anaingia mashakani.

Wapo wanaosema majaji waifumbie macho kasoro hiyo, kwa kuwa ibara ya 107A inataka haki itendeke bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Sikubaliani nao. Uamuzi wa mahakama isiyo na mamlaka haumfungi mtu, na jaji akiruhusu hilo kwa huruma leo, kesho litatumiwa na mwenye nguvu. Sheria ndiyo ya kurekebishwa.

Katika mjadala wa Katiba mpya tulizungumza sana juu ya Mahakama ya Juu, iliyomo katika rasimu ya Tume ya Jaji Warioba na katika Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014. Hiyo ni ghorofa nyingine juu ya jengo lile lile. Kenya, katika Katiba yao ya 2010, walizitaja mahakama za mahakimu kwa jina. Nakiri kutajwa peke yake hakumlishi mjane. Ninachotaka ni zaidi: Katiba iitaje mahakama ya chini kabisa na kuipa mirathi ya kila raia, wa dini yoyote. Hofu ya zamani kwamba mahakimu wake si wanasheria imepungua, maana sasa wengi wana shahada ya sheria.

Wakati tukisubiri, Temeke kuna Kituo Jumuishi cha Mahakama kinachoshughulikia mirathi na ndoa, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, katika jengo moja. Viongozi wa jumuiya wamsindikize mjane huko akaulize mlango ulio wake kabla ya kufungua shauri, akiwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa na muhtasari wa ukoo.