MAMBO YA NYUMBANI: Kuchagua Emuleta ya Michezo ya Zamani

Askari aliyekuwa mtoto katika miaka ya 1990 hakosi kukumbuka kisanduku chepesi cha plastiki kilichofungwa kwenye televisheni ya jirani, na watoto waliokaa sakafuni wakingoja zamu zao. Visanduku vile vya bei nafuu, vilivyojaa masokoni, vingi vilikuwa vimeiga Famicom, mashine ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa nchini Japani mwaka 1983. Leo visanduku vimekufa na kaseti zake zimepotea katika uhamisho wa kambi hadi kambi. Lakini kompyuta ipo mezani, na watoto wanauliza baba alikuwa akicheza nini.

Hapo ndipo inapoingia emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta iige mashine nyingine. Mchezo wa kale uliandikwa kwa lugha ya mashine yake tu. Emuleta hukaa katikati mfano wa mkalimani mahakamani: hupokea kila amri ya mchezo na kuitafsiri papo hapo. Na kama ilivyo kwa wakalimani, wako wanaofuata neno kwa neno, na wako wanaofupisha ili kesi iishe mapema.

Na ichukuliwe nyumba ya sajini mmoja aliye kazini mbali. Kompyuta ni moja. Ndani yake mna picha za familia, kazi za shule, na daftari la michango ya chama cha akina mama, kwa kuwa mkewe ndiye mweka hazina. Kijana wa darasa la saba anarudi na flashi aliyopewa kwa jirani.

"Mama, hii ni ZSNES. Ndiyo aliyokuwa akiitumia kaka wa nyumba ya tatu."

"Na daftari la chama limekaa wapi humo ndani, mwanangu?"

Swali la mama huyo lina uzito kuliko maelezo mengi ya mafundi. ZSNES ilianza mwaka 1997, ikapendwa mno kwa wepesi wake kwenye kompyuta dhaifu za wakati huo. Toleo 1.51 lilitoka mwaka 2007, nalo likaendelea kupita mkono kwa mkono miaka mingi bila marekebisho. Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba faili ya mchezo iliyotengenezwa kwa hila yaweza kulipenya toleo hilo na kuendesha amri ndani ya kompyuta yenyewe. Kwa maneno mengine, mtoto anadhani anafungua mchezo, kumbe amemfungulia mgeni mlango wa chumba cha hazina. Programu ya namna hii haifai kuwekwa katika kompyuta yenye hesabu za watu, hata ikiwa imesifiwa na kambi nzima. Aidha, emuleta yoyote ichukuliwe kwa watengenezaji wake wenyewe, wala si kwa flashi iliyokwisha kuzunguka nyumba kumi.

Baada ya usalama, jambo la pili ni uaminifu wa tafsiri, na hapa wengi hukosea. Hudhani kwamba mchezo ukifunguka na muziki ukasikika, kazi imekwisha. Kuna mchezo wa Super Famicom uitwao Speedy Gonzales: Los Gatos Bandidos. Katika hatua ya 6-1 mna kitufe ambacho lazima kikanyagwe ili mchezaji aendelee. Emuleta zilizofupisha tafsiri ziliganda hapo hapo, kwa sababu mchezo ulikuwa ukingoja tukio dogo la ndani ya mashine ambalo mkalimani hakuona haja ya kulitaja. Mtoto amecheza saa nyingi, kisha anafika mahali ambapo hapana njia, naye hudhani kosa ni lake.

Uaminifu huo una gharama. Famicom ilikwenda kwa mapigo yapatayo milioni 1.79 kwa sekunde, na kompyuta ya leo huenda kwa mabilioni. Hata hivyo kuziendesha sehemu zote za mashine ya kale kwa hatua moja, bila hata moja kutangulia nyingine, ni kazi nzito. Mtengenezaji wa emuleta ya bsnes, aliyejulikana kwa jina la Near, alieleza mwaka 2011 kwamba kuiga Super Famicom kwa ukamilifu kulidai kompyuta ya gigahezi 3. Basi mwenye kompyuta yenye nguvu na achukue bsnes. Mwenye kompyuta iliyochoka achukue Snes9x, ambayo ni nyepesi na yafaa sana kwa michezo iliyo mingi. Kwa michezo ya Famicom, Mesen ni chaguo jema. PlayStation ya mwaka 1994 ina DuckStation, lakini hiyo hudai pia programu ya ndani ya mashine yenyewe. RetroArch hukusanya emuleta nyingi chini ya paa moja, nayo ni imara, ila milango yake ya mipangilio ni mingi mno. Katika nyumba ambayo mtu mmoja tu ndiye anayeielewa kompyuta, isiwe ya kwanza.

Watoto wawili wasigawane kibodi moja. Kibodi nyingi za bei nafuu hushindwa kupokea vitufe vingi vinavyobonyezwa kwa pamoja, na ugomvi huanza hapo.

Sasa kuhusu sheria, maana nyumba ya polisi haiwezi kujifanya haijui. Emuleta si wizi kwa kuwa emuleta: mwezi Februari 2000 mahakama ya rufani ya Marekani iliipa haki kampuni ya Connectix katika kesi iliyoletwa na Sony. Lakini mchezo wenyewe una mwenyewe, nayo haki yake haifi kwa sababu kaseti imezeeka. Machi 2024 watengenezaji wa Yuzu, iliyoiga mashine ya Switch iliyokuwa bado madukani, walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4. Njia safi ipo: kuna michezo mipya iliyotungwa kwa mashine za kale na kuuzwa kwa halali, mfano Micro Mages ya mwaka 2019, inayochezwa na watu hadi wanne.

La mwisho ni uhifadhi. Emuleta huweza kuupiga picha mchezo wakati wowote, lakini picha hiyo aghalabu hueleweka na emuleta ile ile tu, na toleo jipya huweza kuikataa. Mchezo wenye mahali pake pa kuhifadhi hutoa faili nyingine, ile iliyokuwa ikitunzwa na betri ndani ya kaseti. Mara nyingi ni kilobaiti 8 tu, na huhama kutoka emuleta moja hadi nyingine.

Kijana wa sajini, baada ya ZSNES kufutwa na Snes9x kuwekwa, alihifadhi kwa njia hiyo. Faili ikatumwa kwa simu hadi kituoni kwa baba, mwenye Snes9x katika kompyuta yake ndogo. Jumamosi usiku, baada ya zamu, baba aliendelea kutoka mlango ule ule ambao mwanawe alikuwa ameshindwa kuupita.