Kitabu cha Elisi Kisiondolewe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya kitabu kimoja kidogo. Mwisho wa muhula huu kitaondolewa katika maktaba yetu, nami naona si haki kiende bila ya mtu kukitetea.

Kitabu chenyewe ni Elisi katika Nchi ya Ajabu. Tulipewa na mzee mmoja aliyesoma hapa zamani, pamoja na vitabu vingine vya nyumbani kwake. Ni tafsiri ya hadithi ya Kiingereza ya Lewis Carroll, ambaye jina lake la kweli lilikuwa Charles Dodgson, mwalimu wa hesabu huko Oxford. Tarehe 4 Julai 1862 aliwasimulia wasichana watatu hadithi hiyo walipokuwa wakitembea kwa mashua mtoni, na mwaka 1865 ikapigwa chapa pamoja na picha 42 za John Tenniel. Tafsiri yetu ilipigwa chapa London mwaka 1940. Ndani yake yule msichana anayemfuata sungura shimoni amechorwa kuwa msichana wa Kiafrika. Ipo pia tafsiri nyingine ya mwaka 2015, ya Bibi Ida Hadjivayanis, lakini hiyo hatunayo.

Jumamosi moja tulifanya majadiliano juu ya jambo hili: je, kitabu cha Elisi kipelekwe shule ya msingi, au kibaki kwetu? Waliotaka kiende walikuwa na hoja tatu, na yafaa nizitaje kwa haki.

Kwanza walisema kitabu cha picha ni cha watoto. "Tazameni kaka mzima mwenye ndevu," alisema mmoja wao, akininyoshea kidole, "anasoma habari za paka anayechekacheka mtini!" Ukumbi mzima ulicheka, nami nikacheka pia. Pili walisema kitabu hiki hakimo katika mitihani, na mwaka wa mtihani hauna nafasi ya mchezo. Tatu, na hii ndiyo hoja nzito, rafiki yangu mmoja alisema picha zake zinadanganya. Uso wa Elisi umegeuzwa kuwa wetu, lakini malkia ni wa karata za Wazungu, na mambo yote ni ya Uingereza. Akauliza, kwa nini tusisome habari za Wakayima, sungura wa hadithi za bibi zetu, ambaye ana akili kuliko sungura huyu anayekimbia huku na huku kwa hofu ya kuchelewa?

Upande wetu tulijibu kwa unyonge. Aliyesema vizuri alikuwa mtoto wa kidato cha kwanza. Alisema vitabu vingine vya Kiswahili vinamtisha, kwa kuwa kila ukurasa una maswali chini yake. Cha Elisi hakimwulizi kitu. Hutazama picha kwanza, kisha husoma ili ajue kwa nini msichana amekuwa mrefu hata shingo yake ikawa kama ya twiga. Alishangiliwa, lakini kura zilipohesabiwa tulishindwa kwa chache.

Mimi siku ile nilikuwa na neno la kusema nikalinyamazia, maana niliona haya kumleta bibi yangu katika majadiliano ya wavulana. Leo nalisema.

Wakati wa likizo nilikichukua kitabu nyumbani, nikawa nakisoma kwa sauti jioni ili kuzoeza ulimi wangu. Jjajja alitoka jikoni akaniambia kwa Kiganda, "Mjukuu wangu, funga mlango kwanza. Majirani watadhani kuna askari humu." Hakuwa anatania. Waliokuwa watu wazima wakati wa Idi Amin, kuanzia mwaka 1971 mpaka 1979, walikisikia Kiswahili zaidi kwa watu wenye bunduki. Mwaka 1973 serikali ile ilitangaza kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, lakini tangazo haliwezi kumfanya mtu aipende lugha anayoamriwa nayo kulala chini. Askari wa Tanzania walioingia Kampala mwaka 1979 kumfukuza Amin, nao walisema Kiswahili. Jjajja aliniambia kuwa maneno aliyoyajua ni manne tu: toka, lete, kaa, kimya.

Nikamwonyesha picha. Akaitazama sana, kisha akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Nikamwambia ni wa hadithi. Akaketi mkekani, akataka nimweleze kwa Kiganda kila ninaposoma. Alicheka alipomsikia Elisi akiogelea katika machozi yake mwenyewe. Lakini tulipofika kwa yule Malkia, ambaye kila akiudhiwa huamuru mtu akatwe kichwa, Jjajja aliacha kucheka.

"Wakakatwa?" aliuliza.

"La, Jjajja," nilijibu. "Kuna mnyama mmoja mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba. Yeye anamweleza Elisi kwamba hakuna anayeuawa. Ni maneno ya Malkia tu."

Jjajja akanyamaza kidogo. "Basi," akasema, "hiyo kweli ni nchi ya ajabu."

Hata mwisho, penye baraza la hukumu, Elisi anapokua mkubwa na kuwaambia wote kuwa wao ni karata tu, alinifanya nisome mara mbili. Akaniuliza karata huitwaje kwa Kiswahili. Nilipomwambia, alilitamka neno lile polepole. Likizo yote iliyobaki hakuniambia tena nifunge mlango.

Sasa nirudi kwenye hoja tatu. Waliosema kitabu hiki ni cha watoto, nawauliza: je, mtoto angeweza kuuliza swali la Jjajja? Mtoto humcheka Malkia, na mtu mzima anamtambua. Wote wawili wamesoma kitabu kimoja.

Juu ya mitihani, ni kweli, hakimo. Lakini mwaka 2005 Katiba yetu ilibadilishwa, Kiswahili kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Nahofia lazima hiyo isije ikawa amri nyingine juu ya zile nne za Jjajja. Lugha inayoamriwa tu haikai moyoni. Inafaa mtu aione pia ikicheza.

Juu ya picha, namkubalia rafiki yangu nusu. Mambo mengi ya Kiingereza hayakuvuka. Katika Kiingereza neno la hadithi na neno la mkia husikika sawa, na panya wa Carroll anachekesha kwa ajili hiyo. Kwetu hadithi ni hadithi na mkia ni mkia, mchezo umekwisha. Tena natamani Wakayima apate naye kitabu kizuri cha Kiswahili chenye picha. Lakini kama Jjajja angeonyeshwa msichana wa Kizungu, nadhani angerudi jikoni kwake. Aliuliza ni mtoto wa nani kwa sababu alifanana na watoto anaowajua.

Tena tukumbuke mahali tulipo. Hapa Nateete ndipo Alexander Mackay, aliyefika Buganda mwaka 1878, alipokuwa na nyumba yake na mtambo wake mdogo wa kupigia chapa. Wasomaji wa kwanza, wale abasomi, walianza kusoma kwa Kiswahili kabla ya kuwa na vitabu vya Kiganda. Kwa hiyo Kiswahili kilifika kilima hiki kwa karatasi ya kusomea, miaka mingi kabla ya bunduki zile anazozikumbuka Jjajja.

Namwomba mtunza vitabu akiache kitabu hiki rafuni kwetu, na watoto wa shule ya msingi waruhusiwe kuja kukisoma siku za Jumamosi. Nanyi wazee wetu mliopita shuleni hapa, kama mmoja wenu anayo ile tafsiri ya mwaka 2015, atuletee tuziweke mbili pamoja. Mwaka ujao mimi sitakuwapo, lakini yule mtoto wa kidato cha kwanza atakuwapo, naye hajafika bado penye baraza la hukumu.

Ni mimi mwanafunzi wenu,
Kidato cha Sita