Dawa za mama zetu zisipimwe kwa panya dume peke yake

Mama anapoanza kusahau majina ya wajukuu zake, nyumbani kwetu wengi husema ni uzee. Wengine, Mungu atuepushe, husema ni uchawi. Hapa Uingereza huitwa dimensia, yaani maradhi ya ubongo, na takribani wagonjwa wawili katika kila watatu ni wanawake.

Kwa hali hiyo, mtu angetegemea watafiti wa ubongo wawaangalie majike kwanza. Haikuwa hivyo. Mwaka 2011 wanasayansi wa Marekani, Annaliese Beery na Irving Zucker, walionyesha kuwa tafiti za ubongo zilizotumia wanyama madume peke yao zilizidi za majike peke yao kwa zaidi ya mara 5. Kisingizio kilikuwa kwamba homoni za panya jike hupanda na kushuka kila siku 4 au 5, hivyo zingevuruga matokeo. Mwaka 2014 uchambuzi wa makala karibu 300 ulibaini kuwa vipimo vya majike havibadiliki kuliko vya madume.

Wanaoumia ni akina mama. Dawa ya usingizi ya zolpidem ilitumika Marekani kwa miaka 20 hivi kabla ya mamlaka ya dawa kuagiza, mwaka 2013, dozi ya wanawake ipunguzwe kwa nusu, kwani miili yao huiondoa dawa hiyo polepole zaidi.

Tunalipongeza Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambalo mwaka 2022 liliwataka wanaoomba fedha zake watumie wanyama wa jinsia zote mbili, ama watoe sababu nzito. Wapo wanaopinga kabisa majaribio ya wanyama, na hoja yao hatuibezi. Lakini kumtoa mnyama mhanga kisha kupata nusu ya jibu ni dhuluma kwa mnyama na kwa mwanamke pia.

Nasi tuna pa kuanzia. Nairobi ina taasisi ya utafiti wa nyani, iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960. Nyani jike hupata hedhi kama binadamu; panya hapati.

Sisi tunasema: serikali na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki viweke sharti kama hilo la Uingereza sasa. Mama zetu wanastahili tiba iliyopimwa kwa ajili yao, si makombo ya utafiti wa madume.